Hasi Tatu na Mayai ya Masaka

Juzi nilipita karakanani Gisimenti kuwasalimu, na mmoja wenu, sitamtaja, akanifungulia programu yake na kuniambia, "Tanti, kwenye kompyuta yangu inafanya kazi vizuri kabisa." Nikamalizia ile chai yenu iliyopoa, nikapanda pikipiki kurudi kwangu Kagarama, na njia nzima nilikuwa nagombana na mtu ambaye hakuwepo. Dereva alidhani nagombana naye. Basi badala ya kurudi kuwafokea, nimekaa naandika. Someni mpaka mwisho, halafu mkitaka kunicheka, nichekeni.

Kwenye kompyuta yako inafanya kazi! Kwani mteja ananunua kompyuta yako?

Wale wapya wasionifahamu: jina langu ni Verediana. Nililelewa Karagwe, upande wa Tanzania, nikarudi nyumbani Rwanda nikiwa mtu mzima na Kiswahili kingi kuliko Kinyarwanda. Kazi yangu yote ilikuwa kuandika programu za vyombo vidogo: pampu za maji, majokofu ya maziwa, na mwishoni mashine za kutotolesha mayai. Mimi ndiye niliyeandika programu ya mashine hizo. Kwa hiyo kosa ninalotaka kuwasimulia ni langu, si la mtu mwingine, ingawa kwa wiki nzima nilimbebesha mtu mwingine.

Bodi na nyaya zilikuwa za Mzee Haruna. Haruna ni mtu wa Nyamirambo. Babu yake alikuja kutoka pwani na marobota ya vitambaa, baba yake akawa fundi cherehani, yeye akaingia kwenye redio mbovu na hakutoka tena. Shule hakufika mbali. Lakini nilichojifunza kwake hakimo kwenye cheti changu chochote. Haruna hakuamini kitu mpaka kimchome kidole. Ukimwambia waya huu hauna umeme, anakuangalia kwa huruma, anachukua kipimo chake na kupima mwenyewe. Miaka ya mwanzo tabia hiyo iliniudhi sana. Nilimwambia, "Mzee, mimi nimesoma haya mambo." Akajibu, "Iko sawa, mwana. Waya haijasoma."

Sasa sikilizeni mashine yenyewe inavyofanya kazi, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nina hasira.

Yai la kuku linataka joto la digrii thelathini na saba nukta saba. Sensa inapima joto lililomo ndani. Programu inaondoa joto hilo kwenye lengo, yaani ile thelathini na saba nukta saba, inazidisha tofauti kwa sitini, na jibu linakuwa nguvu ya hita. Ndani kukipungua digrii moja, jibu ni sitini, hita inawaka kiasi. Kukiwa na baridi sana, jibu linakuwa kubwa, hita inawaka sana. Hesabu hiyo inafanywa kwa namba zenye desimali. Lakini hita haielewi desimali. Inapokea namba kamili, kuanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano, basi. Sifuri ni kuzima, mia mbili hamsini na tano ni kuwaka kwa nguvu zote. Kwa hiyo kuna mstari mmoja kwenye programu unaochukua ile namba ya desimali na kuigeuza namba kamili. Mstari mmoja tu, mfupi kuliko jina langu.

Upande wa juu niliuwekea ulinzi: ikizidi mia mbili hamsini na tano, ifanye mia mbili hamsini na tano. Tatizo la juu lilijitokeza siku ya kwanza tulipowasha mashine ikiwa baridi, nikaliona, nikalitibu. Upande wa chini sikuuwekea kitu. Joto likizidi lengo kidogo tu, tuseme nusu ya sehemu ya kumi ya digrii, jibu linakuwa hasi tatu. Na hasi tatu haina nafasi kwenye kisanduku kinachoanzia sifuri. Je, inakuwa nini?

Hapo ndipo pa kuvuta nywele. Lugha ya C, ambayo tuliitumia na ninyi mnaitumia mpaka leo, haisemi. Hao walioiandika walikaa, wakatunga kanuni za kila nukta na kila mabano, walipofika kwenye namba ya desimali isiyoingia kwenye kisanduku wakaandika kwamba tabia yake haijafafanuliwa. Watu wazima, na akili zao! Maana yake ni kwamba kompaila, ile programu inayotafsiri mistari yetu iwe maagizo ya chipu, ina ruhusa ya kufanya inavyopenda. Moja itakupa sifuri. Nyingine itahesabu kinyumenyume kutoka mia mbili hamsini na sita na kukupa mia mbili hamsini na tatu. Zote mbili ziko sahihi, na hakuna pa kwenda kushtaki.

Chipu yetu ya kwanza ilitoa sifuri. Joto likizidi, hasi inageuka sifuri, hita inazima, mayai salama. Niliona hivyo, nikafurahi, sikuuliza kwa nini. Mashine zikafanya kazi miaka kadhaa bila mtu kulalamika. Halafu chipu ile ikaadimika, tukahamia nyingine ndogo na rahisi zaidi, yenye kompaila yake. Programu sikuibadilisha hata herufi moja, na nilijisifu kwa hilo mbele ya watu.

Tuliijaribu, ndiyo. Msidhani tulikuwa wavivu. Lakini tulikuwa na utaratibu wetu wa pale karakanani: mashine hatukuijaribu kwa mayai. Haruna alisema mayai mia mbili ni chakula, na mtu mwenye adabu hachezi na chakula. Tulipanga chupa za maji za nusu lita kwenye trei, tukawasha mashine siku tatu, tukawa tunaandika joto kila saa ya kazi. Joto lilipanda, likatulia chini kidogo ya lengo, na likakaa palepale. Safi sana. Haruna akapiga mhuri wake wa wino wa zambarau kwenye karatasi, mashine ikapakiwa kwenda Masaka, hii yetu ya pembezoni mwa mji.

Kule Masaka kulikuwa na koperative, ushirika wa wanawake sita, na mashine ilikaa kwa Gaudence. Alikuwa mama wa miaka arobaini hivi, aliyekulia Goma, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alikuwa na chumba kimoja cha ziada nyuma ya nyumba, chenye bati jipya, ndiyo maana wenzake walimchagua. Kila mama alileta mayai ya kuku wake wa kienyeji na kuyatia alama yake kwa penseli: mmoja msalaba, mwingine mistari miwili, mwingine nyota. Alama ya Gaudence ilikuwa duara. Kwa heshima aliwaachia wenzake trei za juu, ambako watu husema joto ni zuri zaidi, ya kwake akayaweka chini kabisa. Siku kumi na saba aliyageuza mara tatu kwa siku, hakusafiri, hata kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake hakwenda.

Siku ya kumi na nane iliangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mnaijua: umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kila mtu yuko nje na jembe au panga, na baada ya hapo mkutano. Gaudence aliangalia mashine saa moja na nusu asubuhi, ilikuwa sawa, akaenda. Aliporudi karibu saa sita, kipimajoto kilisoma arobaini na moja. Akanipigia.

"Mama Vere, mashini iko inapika mayai! Inapika!"

"Chomoa waya, fungua mlango," nikamwambia.

"Nilishachomoa. Kuya tu. Kuya haraka."

Nilifika na Haruna mchana huohuo. Gaudence alikuwa ameziba dirisha kwa blanketi, tukapima yai moja moja kwa tochi. Yai lenye kifaranga hai linaonyesha mishipa na kitu kinachocheza. Lililokufa ni doa jeusi lililotulia. Trei za juu zote zilikuwa zimetulia. Msalaba, nyota, mistari miwili, yote. Chini kabisa, ambako joto halikufika sana, mayai kumi na tisa yalikuwa yanacheza bado, na karibu yote yalikuwa na duara.

Wenzake walisimama mlangoni. Mmoja akasema kwa Kinyarwanda, bila kupaza sauti, kwamba ni ajabu ya kwake tu ndiyo yamepona. Gaudence alisikia. Akaendelea kupima.

Baadaye, tukiwa wawili, aliniambia, "Mama Vere, siku za mwisho haya mayai yenyewe inatoaka joto. Ukiweka mukono unasikia. Ni kama batoto wengi kwa kitanda kimoja. Mashini yako inajua hivyo?"

Nikamwambia inajua. Niliongea kwa ule upole wetu wa wasomi ambao kwa kweli ni dharau. Nikatazama bati juu, jua limewaka, nikapata jibu langu.

Lakini mnajua mimi si mtu wa kuandika ripoti hivihivi. Jumatatu nilikaa kwenye kompyuta kuukagua ule mstari wa kugeuza namba. Nilitunga programu ndogo: chukua hasi tatu, igeuze namba kamili ya kile kisanduku, nionyeshe jibu. Nikaiandika hasi tatu palepale kwa mkono wangu. Jibu likaja: sifuri. Nikaendesha tena: sifuri. Basi, nikasema, mstari hauna kosa. Nikaandika ripoti kwamba mashine ni nzima, tatizo ni chumba: mtumiaji ameiweka chini ya bati kinyume na maelekezo. Nikatia sahihi. Haruna hakutia mhuri. Alisema wino umekauka, na mimi nikamwamini, mjinga mimi!

Wiki moja baadaye nilimkuta Haruna amepanga tena chupa za maji kwenye mashine ya chipu mpya. Katikati ya chupa alikuwa ameweka balbu ndogo ya taa inayowaka.

"Hiyo ya nini?"

"Yule mama alisema mayai inatoa joto. Maji yetu haitoi. Sasa inatoa."

Tukakaa tunatazama. Joto likapanda kama kawaida, likafika chini ya lengo, balbu ikalisukuma kidogo, likavuka. Na taa ya hita, badala ya kuzima, ikawaka kwa nguvu zote. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Haruna alinitazama kupitia juu ya miwani yake, na heri angenitukana.

"Haiwezekani," nikasema. "Nimeujaribu ule mstari. Hasi tatu inatoa sifuri." Nikamvuta mpaka kwenye kompyuta, nikamwonyesha. Sifuri.

Akasoma ile programu ndogo kwa kidole, polepole, yeye ambaye hajui kuandika programu. Akagonga ile hasi tatu kwenye kioo. "Hii namba uliandika wewe. Kule Masaka iko inaandikwa na nani?"

Na sensa, nikajibu. Inakuja wakati mashine inafanya kazi.

Nikabadilisha mstari mmoja. Badala ya kuandika hasi tatu ndani ya programu, nikaiambia isubiri niipige kwenye kibodi wakati inaendeshwa. Nikapiga hasi tatu. Jibu: mia mbili hamsini na tatu. Kompyuta ileile, kompaila ileile, dakika tano tu katikati.

Mnaelewa kilichotokea? Nilipoiandika namba waziwazi, kompaila iliiona wakati wa kutafsiri, ikafanya hesabu yenyewe kabla programu haijaendeshwa, na kwa utaratibu wake yenyewe ikachagua sifuri. Namba ilipokuja baadaye, kompaila haikuwepo tena, ilibaki kazi ya prosesa, chipu ya kompyuta yenyewe, na prosesa ina utaratibu wake. Maswali mawili tofauti, nami nilidhani ni moja. Na kompaila ilikuwa imenionya! Kwenye lile jaribio la kwanza ilitoa onyo kwamba namba haiingii na thamani yake itabadilika. Mimi maonyo nilikuwa nimeyazima siku nyingi, kwa sababu yalikuwa yananijazia kioo. Nilitamani kuitupa kompyuta dirishani, lakini kompyuta haikuwa na kosa lolote.

Dawa yenyewe ni aibu kuitaja. Kabla ya kugeuza, uliza: iko chini ya sifuri? Ifanye sifuri. Iko juu ya kikomo? Ifanye kikomo. Na sensa ikikatika waya ikaleta kitu ambacho si namba, kikamate kwanza hicho, maana ukikilinganisha na sifuri hakiko chini wala hakiko juu, kitakupita katikati huku unakitazama. Najua baadhi yenu mnaandika lugha mpya ambazo zimeamua jambo hili waziwazi, kwamba kinachozidi kinabanwa kwenye kikomo. Vizuri, hongereni. Lakini siku mtakayohamisha kazi yenu kwenye chombo kingine, kompaila nyingine, au hata kubadilisha tu kiwango cha uboreshaji, yaani kiasi kompaila inavyofupisha maagizo yake, mstari usio na ulinzi utawageuka. Na msijaribu kwa namba mliyoiandika wenyewe ndani ya programu. Iacheni itoke nje, inakotoka kweli.

Mashine nyingine nne zenye chipu mpya zilikuwa zimeshatoka. Tulipiga simu siku hiyohiyo zizimwe, na kwa bahati hakuna iliyokuwa imefika siku za mwisho. Halafu nikaandika ripoti mpya, kurasa mbili, nikaeleza kila kitu bila kujificha. Safari hii wino wa Haruna haukuwa umekauka.

Nilikwenda Masaka peke yangu, niliona si haki Haruna aje kuona aibu yangu. Nilimwomba Gaudence awaite wenzake wote. Walikaa kwenye ukuta mfupi wa uwanja wake. Chumba cha nyuma kilikuwa wazi na kitupu. Mashine ilikuwa imeshahamishwa kwa mama mwingine. Nikauliza kwa nini, ingawa nilijua. Mmoja wao akajibu kwamba ripoti yangu ilisema chumba ni kibaya na mtumiaji hakufuata maelekezo, na wao wakafuata ripoti.

Nikasimama, nikawaambia. Sikutaja kompaila, ningewaambia nini? Niliwaambia mashine ilitengenezwa vibaya, kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza, kwamba vifaranga wakianza kutoa joto, mashine huongeza moto badala ya kuzima. Kwamba chumba hakikuwa na kosa na Gaudence hakuwa na kosa. Kwamba ya kwake yalipona kwa sababu aliyaweka mahali pabaya zaidi, akawaachia wao pazuri. Kwamba ripoti ile ya kwanza niliiandika mimi na ilikuwa ya uongo, hata kama sikujua. Nikawaomba radhi wote, nikamgeukia yeye nikamwomba radhi kwa jina lake.

Gaudence alikuwa amekaa mwisho wa ukuta, mikono kwenye mapaja. Nilitegemea atafurahi. Nilitegemea hata atanifokea, ningepokea.

"Mama Vere," akasema, "mi nilishabaomba musamaha. Jumapili, mbele ya kila mutu. Nilipiga magoti. Nilibaambia ni mimi, sikuangalia muzuri. Ile musamaha nilibaomba, ni nani atanirudishia?"

Nilikuwa na ripoti mpya mkononi, kurasa mbili, imepigwa mhuri. Niliitazama kana kwamba ningeweza kupata jibu mle, halafu nikaikunja nikaitia mkobani.